Sura ya Sita: Simba Yupi?

Kaa kijiweni Nyakanazi, Lusahunga au Benaco kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, kisha utaje kwamba unaandika habari za watafiti wa wanyamapori. Swali litakufuata kabla kikombe hakijapoa: "Hao watu wanajuaje kwamba simba wa leo ndiye yule wa juzi? Simba si wote wanafanana?"

Mara nyingi anayeuliza ni mfugaji, na jibu analo mwenyewe nyumbani. Mwulize habari za ng'ombe wake arobaini. Atakwambia huyu mwenye pembe iliyopinda ni mtoto wa yule mwenye baka kifuani, huyu aliletwa kama mahari, na yule anayechechemea aliumia mguu msimu uliopita wa mvua. Wewe mgeni unaona kundi la ng'ombe wekundu. Yeye anaona ukoo mzima na historia yake. Jioni wakirudi, hana haja ya kuhesabu. Anatupa jicho mara moja na kusema, "Fulani hayupo."

Mtafiti wa simba anajifunza kutupa jicho la namna hiyo. Shida yake ni kwamba ng'ombe wake hawarudi zizini jioni.

Sura hii inaeleza jicho hilo linavyofanya kazi, na kwa nini mkazi wa Ngara au Biharamulo analihitaji kuliko anavyodhani.

Swali lilivyofika Kagera

Kwa miaka mingi eneo hili lilikuwa na mapori matatu ya akiba yaliyopakana: Burigi, Biharamulo na Kimisi. Pori la akiba ni eneo la wanyamapori ambalo sheria yake ni nyepesi kuliko ya hifadhi ya taifa. Uwindaji wa kitalii, kwa mfano, unaweza kuruhusiwa humo kwa kibali.

Kisha ukaja mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, watu takriban 250,000 waliokuwa wakikimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa zipatazo 24. Kambi ya Benaco, wilayani Ngara, ikageuka kuwa mji mkubwa wa maturubai. Watu wote hao walihitaji kuni, miti ya kujengea na kitoweo, na mapori yalikuwa jirani. Wengi wa wakimbizi walirudi kwao mwishoni mwa 1996, lakini wanyama walikuwa wamepungua sana. Ng'ambo ya Mto Kagera, katika Hifadhi ya Akagera nchini Rwanda, vurugu za miaka hiyo zilimaliza simba kabisa. Wengi walitegwa kwa sumu na watu waliohofia mifugo yao.

Mambo yalianza kugeuka baadaye. Mwaka 2015, Akagera ilipokea simba saba kutoka Afrika Kusini, majike matano na madume mawili, na mwaka 2017 yakaongezwa madume mengine mawili. Upande wetu, mapori yale matatu yaliunganishwa mwaka 2019 na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,707. Mwaka 2021 Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, ambayo wengi huiita TAWIRI, ilitangaza mpango wa kuhamishia Burigi-Chato simba 36 kutoka upande wa Serengeti, ambako walikuwa wakisumbua watu na mifugo.

Sasa tuseme asubuhi moja nyayo za simba zinaonekana karibu na zizi mpakani mwa hifadhi. Ni simba yupi? Huenda ni mmoja wa waliohamishwa, na kama kule alikotoka alizoea kula ng'ombe, ataendelea. Huenda ni kijana aliyefukuzwa na baba zake, anayepita tu kutafuta makao, na wiki ijayo hatakuwepo. Huenda ni mzee aliyeng'oka meno na hawezi tena kukimbiza pundamilia. Wote watatu huacha nyayo zinazofanana, ila kila mmoja ana dawa yake. Mtu asiyejua simba yupi atawatibu wote kwa dawa moja, na dawa hiyo mara nyingi huwa risasi au sumu.

Kitambulisho kilichopo shavuni

Mwangalie paka wako wa nyumbani. Masharubu yake yameota kwa safu, na kila unywele umetokea kwenye kidoa. Simba naye ni hivyo hivyo, ila vidoa vyake ni vikubwa na vyeusi, na vinaonekana kwa darubini hata ukiwa mbali.

Kila shavu lina safu kadhaa za vidoa. Juu ya safu ya kwanza iliyokamilika kuna vidoa vichache vilivyokaa kana kwamba safu nyingine ilianza ikakatishwa. Siri iko kwenye vidoa hivyo vichache. Mtafiti huangalia kila kimoja kimekaa juu ya kidoa cha ngapi cha safu ya chini yake. Mpangilio huo simba huzaliwa nao na hufa nao. Haubadiliki akinenepa, akikonda, akiota manyoya ya shingo au akizeeka. C. J. Pennycuick na Judith Rudnai ndio walioieleza njia hii mwaka 1970, kwa kutumia simba wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi.

Lakini je, simba wawili hawawezi kufanana vidoa? Chukua ubao wa bao, ule ambao majirani zetu wa Rwanda na Burundi huuita igisoro. Safu moja ina mashimo manane. Tuseme kila shimo lina kete moja au halina kitu. Shimo la kwanza lina njia mbili za kuwa, na la pili nalo mbili, hivyo mashimo mawili yanaleta mipangilio minne. Endelea kuzidisha kwa mbili hadi shimo la nane, utapata mipangilio 256. Hilo ni shavu moja. Mashavu mawili kwa pamoja yanaleta 256 mara 256, yaani 65,536. Simba halisi si bao, kwa sababu baadhi ya mipangilio hutokea mara nyingi kuliko mingine. Hata hivyo unaona kwamba katika hifadhi yenye makumi au mamia ya simba, kupata wawili waliofanana mashavu yote ni jambo gumu sana.

Kwa sababu ni gumu lakini si muhali, mtafiti hategemei vidoa peke yake. Kila simba hufunguliwa kadi, kama kadi ya kliniki ya mtoto. Ndani yake huandikwa:

- Mpangilio wa vidoa, shavu la kushoto na la kulia, kila kimoja mahali pake.
- Masikio: wapi yamechanika, wapi yametoboka.
- Makovu, jicho lenye chongo, mkia uliokatika.
- Meno: yapi yamevunjika, yapi hayapo.
- Pua: simba mdogo ana pua ya rangi ya waridi, na kadiri anavyokua vitone vyeusi huijaza. Katika simba wa Serengeti, pua iliyokaribia nusu kuwa nyeusi huashiria umri wa miaka mitano au sita hivi.
- Anaonekana na nani, wapi, na tarehe gani.

Hilo la pua lina uzito kuliko linavyoonekana. Nchini Tanzania, dume asiyefikisha miaka sita haruhusiwi kuwindwa kitalii. Mwindaji makini hutazama pua kabla ya kuinua bunduki.

Mtego wa kushoto na kulia

Hapa wanaoanza kazi hii hukosea. Tuseme Jumatatu umepiga picha ya simba akiwa ameonyesha shavu la kushoto. Ijumaa, mahali pale pale, umepata picha ya shavu la kulia. Una simba wangapi? Wengi watajibu wawili, na wengine mmoja. Jibu la kweli ni kwamba picha hizo haziwezi kukuambia. Mpangilio wa kushoto haufanani na wa kulia, kwa hiyo mpaka upate siku moja simba yule yule akageuza uso ukamwona pande zote mbili, una nusu mbili za kadi zisizoungana.

Watafiti wa wanyama wengine wamenasa kwenye mtego huo huo. Alaska, kaskazini ya mbali ya Marekani, kuna ghuba iitwayo Cook Inlet wanamoishi nyangumi weupe, jamii ya nyangumi wadogo wasio na pezi mgongoni. Mwaka 1979 walikadiriwa kufika 1,300 hivi. Makadirio ya 2022 yaliwaweka karibu 330. Nyangumi mweupe hana vidoa, kwa hiyo wanaomfuatilia hupiga picha makovu na mikwaruzo ya ubavuni, kisha huweka kumbukumbu za ubavu wa kulia mbali na za ubavu wa kushoto, wakisubiri siku ya kuziunganisha.

Hata kwetu Tanzania, baharini, kuna mfano. Kuzunguka Kisiwa cha Mafia huonekana papa mkubwa mpole ambaye wavuvi humwita potwe. Mgongo wake una vidoa vyeupe kama anga la usiku, na watafiti wamekubaliana kutumia zaidi ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua. Programu ya kompyuta inayolinganisha picha hizo ilitokana na hesabu iliyobuniwa na wanajimu kwa ajili ya kulinganisha picha za nyota. Hesabu ya kutofautisha nyota ikaja kutofautisha samaki.

> Kwa kifupi
> Kila simba ana alama asizoweza kuvua. Iliyo imara kuliko zote ni vidoa vya masharubu. Alama moja haitoshi, kwa hiyo huandikwa nyingi kwenye kadi, na upande wa kushoto hauchanganywi na wa kulia.

Kuhesabu usichoweza kukiona chote

Ukishamjua simba mmoja mmoja, unaweza kufanya jambo linalofanana na kiini macho: kukadiria idadi ya wote bila kuwaona wote.

Jaribu nyumbani. Chukua kikombe kidogo cha maharage. Chota punje 20, zitie wino, uzirudishe, ukoroge vizuri. Kisha chota tena, safari hii punje 30, na uhesabu zenye wino. Tuseme umepata 6. Maana yake, katika kila punje tano ulizochota, moja ina wino. Kama umekoroga sawasawa, kikombe kizima nacho kitakuwa hivyo. Punje zenye wino ni 20, basi kikombe kina punje zipatazo 100.

Njia hii huitwa kuweka alama na kukamata upya. Zamani ilihitaji kumkamata mnyama kweli na kumtia alama. Kwa simba kazi hiyo haipo tena, kwa sababu amezaliwa na wino wake usoni. Picha ya kwanza ndiyo alama, na picha ya pili ndiyo kumkamata upya.

Picha zenyewe siku hizi hupigwa na kamera za kutega. Hizi ni kamera zilizofungwa mitini, zinazojiwasha kitu chenye joto kikipita mbele yake. Serengeti ilifungwa kamera 225 za namna hiyo kuanzia 2010, katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Zilipiga picha nyingi mno kwa watafiti wachache waliokuwepo. Ikabidi watu wa kujitolea duniani kote waombwe kuzipitia kupitia intaneti, mmoja akitambua nyumbu, mwingine fisi, mwingine simba.

Angalia jambo moja kwenye mfano wa maharage: kukoroga. Kama zile punje 20 zimebaki juu ya kikombe, hesabu yote imeharibika. Porini kukoroga ni kutawanya kamera. Mtu akizifunga zote kando ya barabara kwa sababu gari linafika, atakuwa amehesabu simba wanaopenda barabara.

Mkanda shingoni

Kamera hukuambia simba alipita hapa. Haikuambii alienda wapi baada ya hapo. Kwa hilo kuna mkanda wa shingoni wenye kisukuma mawimbi, yaani kifaa kinachotuma mawimbi ya redio au kinachosoma mahali kilipo kwa msaada wa setilaiti na kutuma taarifa kwa mtafiti.

Kumvisha simba mkanda si mchezo. Daktari wa wanyama humpiga sindano ya usingizi kwa bunduki maalumu, kisha macho hufunikwa, pumzi na joto la mwili hupimwa muda wote, damu huchukuliwa, na vidoa hupigwa picha pande zote mbili kwa utulivu ambao hautapatikana siku nyingine. Mkanda lazima uwe mwepesi. Uzito wa kilo moja hivi kwa jike la kilo 120 ni mdogo kuliko mkoba wa shule mgongoni mwa mtoto. Na una mwisho wake, kwa maana betri huisha baada ya miaka michache.

Kwa kuwa mikanda ni ghali, nani avishwe? Serengeti walizoea kumvisha jike mmoja katika kila kundi. Majike ndio wenye nyumba. Binti wa simba kwa kawaida hubaki na mama, shangazi na bibi, na ukimpata mmoja umelipata kundi. Dume huja na kuondoka.

Kwa simba waliohamishwa, mkanda una kazi ya ziada. Simba aliyetolewa kwao anaweza kutembea mbali sana akijaribu kurudi, na njiani hukutana na vijiji. Mkanda unaoonyesha kwamba ameelekea kwenye makazi humpa askari wa wanyamapori muda wa kuwatahadharisha wafugaji kabla ya usiku kuingia.

Yaliyojulikana kwa sababu walijulikana

George Schaller alianza kuwachunguza simba wa Serengeti mwaka 1966. Wengine walimfuata, na kuanzia 1978 kazi ikawa mikononi mwa Craig Packer na Anne Pusey. Kadi zilirithishwa kutoka mkono hadi mkono, kwa hiyo wajukuu wa simba wa Schaller nao walikuwa na kadi zao. Haya ni baadhi ya mambo ambayo kuhesabu vichwa peke yake kusingeyafichua.

La kwanza ni siasa za madume. Madume wageni wakilipindua kundi, huua watoto wadogo waliowakuta, na majike waliopoteza watoto huwa tayari kupata mimba mapema. Anayehesabu vichwa ataona watoto wamepungua na kudhani ni njaa au ugonjwa. Mwenye kadi ataona kwamba baba wamebadilika. Kwa hiyo ukiua dume mmoja mkubwa, hujapunguza simba mmoja. Umefungua mlango kwa wageni, na watoto wa msimu mzima wanaweza kwenda naye.

La pili ni Ngorongoro. Mwaka 1962, baada ya mvua nyingi, nzi wanaouma waliongezeka kupita kiasi na kuwamaliza karibu simba wote wa kreta. Walibaki kama kumi tu. Baadaye simba waliongezeka tena, na kwa macho kreta ilionekana imepona. Watafiti walijenga upya ukoo wote, safari hii kwa kutumia pia picha za watalii waliowahi kupita huko, wakisoma vidoa kwenye picha ambazo wapigaji walizipiga kwa kumbukumbu tu. Wakakuta kwamba simba wote wa kreta walitokana na mababu wapatao 15, na walikuwa wakizaana ndugu kwa ndugu. Idadi ilikuwa imerudi, lakini damu mpya haikurudi nayo. Somo hilo linaihusu kila hifadhi inayoanza na simba wachache, Akagera na Burigi-Chato zikiwemo. Lazima ijulikane nani kamzaa nani, ili siku ya kuleta damu mpya isipite.

La tatu lilitokea 1994, mwaka ule ule Ngara ilipokuwa ikipokea wakimbizi. Serengeti ilikumbwa na ugonjwa wa virusi unaojulikana kwa mbwa, na takriban theluthi moja ya simba walikufa, karibu 1,000. Kwa kuwa simba wa utafiti walijulikana mmoja mmoja, ilijulikana nani ametoweka, wa kundi lipi, na lini. Baada ya hapo, kuchanja mbwa wa vijijini kuzunguka hifadhi kukaonekana kuwa sehemu ya kulinda simba.

La nne ni chungu. Kati ya 2002 na 2004, Rufiji ilitishwa na simba ambaye wananchi walimpachika jina la Osama. Alihusishwa na vifo vya watu wapatao 35. Alipouawa Aprili 2004, alikutwa ni dume kijana mwenye jino lililopasuka na jipu kubwa chini yake. Kabla ya hapo, hofu ilikuwa juu ya simba wote wa Rufiji.

Jina au namba?

Jane Goodall alipofika Gombe, Kigoma, Julai 1960, aliwapa sokwe majina: David Greybeard, Flo, Goliath. Wasomi wa wakati ule walimlaumu, wakisema mwanasayansi anapaswa kutumia namba ili asije akawapenda anaowachunguza. Miaka mingi baadaye wengi walikubali kwamba majina hayakuharibu ukweli wa alichokiona.

Mimi naona hoja si jina wala namba, hoja ni daftari. Faru Fausta wa Ngorongoro alipokufa Desemba 2019, ilitangazwa kwamba alikuwa na miaka 57. Miaka hiyo ilijulikana kwa sababu mwaka 1965 mtu alimwona kwenye kreta akiwa na umri wa miaka mitatu au minne, akaandika. Aliyeandika hakujua kwamba anaandika cheti cha kuzaliwa kitakachosomwa zaidi ya nusu karne baadaye.

Daftari linapotiliwa shaka, nchi nzima hutikisika. Faru mwingine wa Ngorongoro, John, alihamishiwa Grumeti Desemba 2015, akafa Agosti mwaka uliofuata. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihoji hadharani uhamisho huo ulivyofanyika, na pembe zilizokabidhiwa kwake zikapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali zichunguzwe vinasaba. Vinasaba ni maandishi ya urithi yaliyomo mwilini mwa kila kiumbe, ambayo hubaki hata kwenye pembe, unywele au kinyesi. Mwaka 2017 majibu yalithibitisha kwamba pembe zilikuwa za John. Kwa miezi kadhaa Watanzania walibishana vijiweni kuhusu faru mmoja, na swali lao lilikuwa lile lile la sura hii: ni huyu kweli?

Watu wa huku hawapaswi kulishangaa swali hilo. Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, zamani ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi, na wafalme kadhaa wa Burundi waliitwa Ntare, yaani Simba. Jina hilo peke yake halikutosha hata ikulu. Ilibidi kusema Ntare Rushatsi au Ntare Rugamba, maana kila mmoja alikuwa na enzi yake na matendo yake.

Mwananchi ana nafasi gani?

Nafasi kubwa. Simba anapovuka mpaka wa hifadhi usiku, mtu wa kwanza kujua ni mchungaji au mlinzi wa shamba. Taarifa yake ikiwa nzuri, inaingia kwenye kadi. Ikiwa ni "simba kaonekana" tu, inaishia hewani. Ukiona simba au dalili zake, usimfuate. Ukiwa mahali salama, andika:

1. Tarehe, saa, na jina la mahali kama wenyeji wanavyopaita.
2. Walikuwa wangapi: madume, majike, watoto.
3. Alama yoyote: mkanda shingoni, sikio lililochanika, anachechemea.
4. Walielekea wapi.
5. Kama kuna mzoga, usiuguse wala kuutia sumu. Sumu iliyokusudiwa simba huua pia tai, fisi na mbwa wako.

Kisha mpe taarifa mwenyekiti wa kijiji au askari wa wanyamapori mapema. Serikali ina malipo ya kifuta jasho kwa aliyepoteza mazao au mifugo kwa wanyamapori, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, chini ya kanuni za mwaka 2011. Malipo hayo hayarudishi thamani ya ng'ombe, na wafugaji husema hivyo waziwazi. Lakini madai huanza na ushahidi, na ushahidi huanza na mtu aliyeandika alichokiona siku ile ile.

> Kwa kifupi
> Vidoa hutuambia ni nani. Kamera hutuambia alipita wapi, mkanda hutuambia alienda wapi, na vinasaba hutuambia ni wa ukoo gani. Daftari ndilo linaloviunganisha vyote.

Turudi zizini

Simba ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka, na Tanzania inatajwa kuwa na simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Hapo hatari mbili hukaa pamoja: asiyewaona hudhani wako wengi mno, na anayepoteza ng'ombe hudhani wote ni wale wale.

Mfugaji wetu wa kijiweni, aliyeuliza simba wanatofautishwaje, hawezi kukubali hukumu ya namna hiyo kwa mifugo yake mwenyewe. Dume mmoja mkali akivunja ua na kuingia shambani kwa jirani, jirani haruhusiwi kuchoma zizi zima. Ataitwa mwenye ng'ombe, na jambo la kwanza atakalouliza, kabla ya faini na kabla ya ugomvi, ni: yupi?